Mwana Mwenye Kifafa Anapokwenda Chuo

Mwezi wa Oktoba hauko mbali. Mabasi yatokayo Songea kupitia Njombe hukutana na yale ya Mbeya hapa Makambako, na kila mwaka majira hayo stendi yetu hujaa masanduku, magodoro yaliyokunjwa na wazazi wanaowaaga wana wao waendao vyuoni. Wengi wa vijana hao hubeba vitu vya kawaida vya mwanafunzi: vyeti, shuka, ndoo, msahafu. Wachache hubeba pia mfuko mdogo wa vidonge uliofichwa katikati ya nguo, pamoja na agizo la mama kwamba jambo hilo asiambiwe mtu yeyote huko waendako. Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya wachache hao na wazazi wao.

Sisi tulikuwa miongoni mwao. Kifafa kilitufika tukiwa kidato cha tatu, tukaenda nacho katika chuo cha Kiislamu upande wa pwani, tukahitimu nacho, na leo tunaitumikia kamati ya msikiti kama katibu huku tukiendelea kumeza dawa kila usiku. Alhamdulillahi, huu ni mwaka wa saba hatujaanguka. Tunayasema haya ili msomaji ajue kwamba anayezungumza naye hakulisoma jambo hili vitabuni tu.

Kwanza tuliweke wazi neno lenyewe. Kifafa ni maradhi ya ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana wenye mpangilio wake. Mpangilio huo ukivurugika ghafla na chembe nyingi zikatoa umeme kwa pamoja, mtu hukakamaa, viungo hutikisika, fahamu humtoka na mate humjaa mdomoni. Si kila kifafa ni cha kuanguka. Wapo wanaoduwaa kwa sekunde chache, wapo wanaotafuna hewa au kushikashika nguo zao bila kujua wanalolifanya, na hawa darasani aghalabu huitwa wajeuri au wavivu. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa mkojo, wala kwa kumgusa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban milioni 50 wanaishi nacho, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kushikwa lau wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Miongoni mwa dawa zake ni fenobabitoni, ambayo imetumika kwa ugonjwa huu tangu mwaka 1912 na bei yake ni nafuu. Tiba, basi, si ngeni wala si ya matajiri peke yao.

Tulipofika chuoni tulipangwa chumba cha wanafunzi wanane, nasi tukapewa kitanda cha juu. Tulificha kama tulivyoagizwa. Vidonge tulivimeza gizani, baada ya wenzetu kulala. Mwaka ule wa kwanza tulianguka mara tatu, na kwa maelezo ya walioshuhudia, hapakuwa na mara iliyozidi dakika mbili. Ukizijumlisha, kifafa kilituchukulia dakika sita za mwaka mzima. Mwaka uliobaki ulichukuliwa na hofu ya kifafa.

Hofu hiyo ndiyo watu wasiyoiona. Katika swala ya jamaa tulisimama daima mwisho wa safu, karibu na mlango, na imamu akirefusha kisomo moyo ulitwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa fupi, jasho likatutoka. Tulidhani ndiyo dalili za kuanguka. Tukaacha kukaa safu za mbele darasani, kisha tukaacha kuuliza maswali, kisha tukawa hatuendi kula pamoja na wenzetu. Usiku hofu haikuturuhusu kulala, na kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayokichochea kifafa kwa nguvu zaidi. Hofu ikala usingizi, usingizi ukaleta kifafa, kifafa kikaongeza hofu. Mwanafunzi aliyenaswa katika duara hilo hawezi kuambiwa tu ajikaze.

Hapa lugha yetu ina mtego. Neno moja, wasiwasi, tunalitumia kwa ule mnong'ono wa Shetani unaomfanya mtu arudie udhu mara tano, na tunalitumia hilohilo kwa maradhi ya hofu yanayompata mtu mwilini na akilini. Kijana akisema ana wasiwasi, hupewa nyiradi na kuambiwa azidishe imani. Nyiradi ni kheri, nasi hatukuacha zetu. Lakini maradhi ya hofu yana matibabu yake, kwa mazungumzo na mtaalamu na wakati mwingine kwa dawa, na huwapata wenye kifafa kwa wingi kuliko watu wengine. Anayemwambia mgonjwa huyu kwamba imani yake ni haba humwongezea jambo jingine la kuliogopa.

Mara ya tatu tulianguka ukumbini mwa bweni, alfajiri ya siku ya mtihani, baada ya kukesha na daftari. Wenzetu walitupenda, lakini hapakuwa na aliyefundishwa. Mmoja alitupenyeza mpini wa kijiko mdomoni, na jino lililomeguka siku ile hata leo tunalo hivyo hivyo. Wengine walikaa wakitusomea mpaka jua likachomoza. Kiongozi mmoja wa chuo alishauri turudi nyumbani "mpaka tupone", kana kwamba tulikuwa na homa. Aliyetuokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, alikuwa muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Hakutuuliza tumerogwa na nani. Alituuliza: "Mwanangu, jana umelala saa ngapi?"

Akatupa daftari dogo na kutuchorea safu nne: tarehe, saa za usingizi, saa ya dawa, na lililotokea. Baada ya miezi miwili daftari lile lilisema kile ambacho hatukukijua kwa miaka minne. Tulishikwa baada ya usiku wa usingizi chini ya saa nne, au tulipokosa dozi. Nyakati nyingine zote za moyo kwenda mbio hazikuwa kifafa hata kidogo, zilikuwa hofu. Daktari alitufundisha tofauti moja tuliyoishika mpaka leo: katika hofu tulikuwa tukiyakumbuka yote, tukisikia sauti ya imamu na kuhesabu rakaa, ilhali katika kuanguka kwetu palikuwa na pengo, kisha tukaamka na ulimi uliong'atwa na uchovu wa mwili mzima. Aina nyingine za kifafa haziachi pengo, kwa hiyo kila mgonjwa apimwe kwa hali yake. Sisi tulipoijua tofauti hiyo, nusu ya hofu ilitoka. Nusu ya pili iliondoka polepole, kwa kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, na kwa kurudi safu ya kwanza wiki baada ya wiki, kwanza Alasiri yenye kisomo cha siri, hatimaye Ijumaa.

Katika masomo ya hadithi tulikutana na mwanamke ambaye tangu siku hiyo hatujaacha kumfikiri. Bukhari na Muslim wameipokea habari yake kutoka kwa Ataa bin Abi Rabaah, aliyeonyeshwa mwanamke huyo na Ibn Abbas kuwa ni mtu wa Peponi. Alikuwa akishikwa na kuanguka, na anapoanguka nguo humfunuka. Akamwendea Mtume (s.a.w.) kumwomba amwombee. Mtume akamhiyarisha: asubiri apate Pepo, au aombewe afya. Akachagua kusubiri. Ila akaomba jambo moja, kwamba asifunuke, naye Mtume akamwombea hilo.

Masheikh wengi huishia kwenye subira, na ni haki yao. Sisi tunaomba wazazi watazame na ile sehemu ya pili. Mama yule alikuwa na mashitaka mawili, maradhi na fedheha ya maradhi mbele za watu. La kwanza aliweza kulisubiria. La pili alisema wazi kwamba linamwelemea. Wala hakukemewa kwa kuwa imani yake ni ndogo, wala hakuambiwa ajifungie ndani. Hofu yake ilisikilizwa, ikapewa dua yake peke yake.

Kuhusu majini, Ibn al-Qayyim katika kitabu chake cha tiba ya Mtume amekigawa kifafa mafungu mawili, na moja aliliweka wazi kuwa ni la mwili na kuwaachia matabibu. Anayetaka kumsomea mwanawe ruqya na amsomee. Ambalo hatulikubali ni sharti la baadhi ya wasomaji kwamba vidonge viachwe kwanza. Kuacha dawa za kifafa kwa ghafla kunaweza kuleta mshiko usiokatika, na mshiko wa namna hiyo huua.

Sasa turudi Njombe, kwani mkoa wetu una jambo lake. Nyanda za Juu Kusini ni sehemu ya ufugaji mkubwa wa nguruwe, na pale nguruwe wanapozurura na vyoo vikawa haba, huenea mnyoo aitwaye tegu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi isiyoiva, tegu hukua tumboni mwake. Muislamu akisikia haya huvuta pumzi na kusema hayamhusu. Yanamhusu. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, yakaingia katika maji, katika mboga za bustanini, katika mikono isiyooshwa. Na anayeyameza mayai hayo, hata awe hajawahi kuionja nyama hiyo maishani, viluwiluwi vinaweza kujenga ndani ya ubongo wake na kumsababishia kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika sehemu nyingi zenye tegu takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari za Wayahudi wanne wa New York, watu wa dini wasiokula nguruwe kama sisi, waliopatwa na maradhi hayohayo ya ubongo. Chanzo kilionekana kuwa wasaidizi wa nyumbani waliokuwa na tegu tumboni bila kujua. Choo bora, maji yaliyochemshwa, kachumbari iliyooshwa vizuri na sabuni kabla ya kula vina uzito hapa kwetu kuliko tunavyovipa. Na mgonjwa wa mkoa huu anayeanza kuanguka ukubwani ana haki ya kumuuliza daktari kuhusu kipimo cha picha ya ubongo.

Baridi nayo ina hatari yake. Mwezi wa Juni na Julai watu wa Njombe huingiza jiko la mkaa chumbani, na mwenye kifafa akilala au kukaa nalo peke yake, akianguka juu yake hana wa kumwondoa. Makovu ya moto kwa wagonjwa wa kifafa ni habari ya zamani katika nchi hii. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyefungua kliniki ya kifafa kule Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa kwa sababu watu waliogopa kuwagusa walipoanguka motoni, wakidhani ugonjwa utawarukia. Walikula peke yao kwa vyombo vyao. Alipowapa fenobabitoni kwa utaratibu, wengi walirudi shambani na kwenye jamii. Mahenge kifafa ni kingi kupita kawaida, na watafiti wa baadaye wamekihusisha na usubi, maradhi yaletwayo na nzi wadogo wa mitoni. Imepita miaka sitini na zaidi, na bado tumeona hapa hapa sahani ya mtu ikitengwa.

Ramadhani huulizwa sana, nasi tutasema kifupi na kumwachia sheikh na daktari wa kila mtu. Kidonge kikimezwa mchana hubatilisha saumu, lakini dawa kama fenobabitoni humezwa mara moja kwa siku na hubaki mwilini siku kadhaa, kwa hiyo usiku unaitosha. Zile za mara mbili kwa siku, kama kabamazepini, hupangwa kwa futari na daku, na sisi wa nchi za karibu na ikweta mfungo wetu ni wa saa 13 hadi 14 mwaka wowote, jambo ambalo ndugu zetu wa Ulaya wanalitamani. Hatari kubwa zaidi kwa mwanafunzi ni kukosa usingizi baina ya tarawehe na daku. Ambaye daktari mwaminifu amemkataza asifunge. Na ikiwa hatarajiwi kupona, katika madhehebu ya Imamu Shafi hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Anayezinduka baada ya kuanguka udhu wake umetenguka, na ikiwa wakati wa swala bado upo, swala ile inamlazimu.

Tumeyaandika yote haya kwa sababu ya mzee mmoja wa Makambako. Alitujia ofisini na barua ya binti yake ya kujiunga na chuo, akauliza kama mzazi ana haki ya kumzuia. Binti ana kifafa. Mzee wetu hakuwa mkali, alikuwa na hofu tu, na tuliitambua mara moja kwa kuwa tuliwahi kuishi nayo. Akaongeza kwamba mama yake binti angependa aolewe mapema, kabla habari hazijaenea.

Fatwa si kazi ya katibu, hivyo hatukumpa. Tulimuuliza binti huangukia wapi. Akajibu, nyumbani. Tukamuuliza mara ya mwisho palikuwa wapi. Akanyamaza kidogo, akasema: "Jikoni, mwanangu. Karibu na kuni." Tukamuuliza, kwa adabu, kama nyumbani basi ndiko kwenye salama. Kuhusu ndoa tulisema tu kwamba posa ni amana, na kwamba mume atajua siku ya kwanza atakapoanguka. Kuna heri ajue kabla. Vilevile dawa iitwayo sodiamu valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na msichana yeyote anayeimeza anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kuolewa, bila kuiacha mwenyewe.

Kisha tukamwandikia karatasi. Binti apate barua ya daktari inayotaja ugonjwa na dawa zake. Aipeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi wiki ya kwanza, aombe kitanda cha chini, na aulize utaratibu wa mtihani maalumu kwa atakayeugua siku ya mtihani. Awe na kadi ya bima ya afya. Ajue mapema kliniki iliyo karibu na chuo. Katika hospitali nyingi huduma ya kifafa hutolewa ndani ya kitengo cha afya ya akili, na bango la mlangoni lisimrudishe. Dawa za mwezi mmoja zaidi zikae begini. Asipande ngazi za paa, asiogelee peke yake, asiendeshe pikipiki. Na awaambie watu watatu: mmoja wa chumbani, mmoja wa darasani, mmoja wa msikitini. Si chuo kizima. Watatu wanatosha.

Mzee aliikunja karatasi ile akaitia katika kofia. Mpaka tunaandika haya hajatupa jibu, na siku za kuripoti zinakaribia.

Kamati nayo ililijadili. Tumekubaliana kwamba Ijumaa mbili zijazo, baada ya swala, mhudumu wa afya atafundisha namna ya kumhudumia anayeanguka: kumlaza ubavu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kulegeza ushungi shingoni bila kuuvua, kutomtia chochote mdomoni, na kutazama saa, kwa kuwa mshiko ukizidi dakika tano ni wa kukimbizwa hospitali. Saa ya ukutani imehamishiwa mahali panapoonekana na safu zote. Kwenye kabati la upande wa akina mama kumewekwa mto mdogo na kanga mbili, na ufunguo unabaki kitasani.